Taa ya Tatu

Zilipaswa kuwaka tatu.
Ziliwaka mbili.
Ersilia akasema redioni, kwa sauti ile ile
anayoagizia mkate dukani kwa Melania:
"Nibaldo, mguu wa mbele umenisusia."

Nilikuwa chini, kahawa mkononi,
upepo wa Puerto Lenga ukilipiga bati la karakana
pa, pa, pa,
kama mdai asiyebanduka mlangoni.

Pita juu yangu, nikamwambia. Polepole.
Akapita.
Nikaliona tumbo jeupe lenye michirizi ya mafuta,
miguu miwili ya nyuma imesimama wima,
na pale mbele kijilango kimefunuka nusu,
mguu umekunjwa ndani
kama wa mtoto anayekataa kiatu.

Abiria tisa. Mji wetu ni wa kuhesabika, nawajua:
wakata manyoya ya kondoo wanne, mishahara yao soksini;
mwalimu Rosamel na bahasha za mitihani;
Uberlinda, aliyekwenda kung'olewa jino;
mabwana harusi wawili wa dada wawili, wamenuniana;
na mtoto wa mwenye hoteli, ambaye hakuacha kula biskuti.

Zungusha kwa mkono, nikasema. Mara hamsini.
Akazungusha, akihesabu.
Thelathini na moja,
chuma kikagoma.

Basi tukangoja mafuta yaungue.
Saa moja na dakika arobaini
akizunguka juu ya ghuba ya kijivu.
Watu wakaja na mablanketi, na ndoo,
padri akaja na viatu visivyofanana.
Gari letu la zimamoto ni moja
na siku hiyo liliwaka kwa kusukumwa.

Husemwa: aliye juu mngoje chini.
Asemaye huwa na kinyongo.
Mimi nilimngoja chini
huku nikiomba asifike upesi, asichelewe,
huku nikijua kilichonileta pale:
sahihi yangu, wino wa jana usiku,
kwenye mstari unaosema *imekaguliwa*.

Pini yenyewe haizidi kidole changu cha mwisho.
Niliipaka grisi. Niliipangusa.
Niliiona?
Redio ilikuwa ikitangaza mpira, dakika za nyongeza.
Mkono una kazi zake ambazo jicho halialikwi.

Aliwahamishia wote viti vya nyuma,
wakabanana, mabwana harusi wamekumbatiana kwa lazima.
Akaja.
Magurudumu ya nyuma yakagusa, cwii, yakashika.
Akazima injini.
Kimya hicho sijakisikia tena popote.
Pua akaishikilia juu, mita mia, mia mbili,
zaidi ya inavyoruhusiwa na hesabu,
hadi ikachoka,
ikainama taratibu kama mzee anayesinzia kanisani,
na lami ikaanza kuinyoa.

Cheche. Moshi mwembamba. Ndege ikapinda kidogo kushoto,
ikasimama
imepiga magoti mbele yangu.

Wote wakashuka.
Uberlinda ameshika shavu, akilaani daktari wa meno.
Mkata manyoya mmoja alirudi ndani kufuata mkasi wake
na hakuna aliyethubutu kumzuia.
Ersilia alinipita, akanirudia,
akachukua kahawa yangu, iliyokuwa barafu,
akainywa yote.

Wakaguzi walikuja na darubini zao.
Wakaandika: ufa mwembamba kuliko unywele,
chumvi ya bahari, umri wa chuma.
Wakaandika: usingeonekana kwa macho.
Karatasi hiyo ninayo. Mke wangu anataka niiweke kwenye fremu.

Lakini haikuandikwa kwamba niliangalia.

Siku hizi, kabla hajapanda,
Ersilia haulizi kama nimepaka.
"Umeona?"
"Nimeona," namjibu,
kisha nachukua tochi
nainama tena.